Tairi la gari la zamani huanzia kwenye rimu

Peleka Volkswagen Beetle ya miaka ya 60 kwenye duka la matairi hapa Dodoma, usishangae ukiletewa 195/65R15, yaani upana wa mm 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Muuzaji hana hila. Saizi hiyo imejaa madukani kwa sababu Toyota nyingi zinaivaa, rimu ya Beetle nayo ni ya inchi 15, na hata kwa hesabu ya kipenyo hajakosea sana. Saizi ya Beetle kwa tairi la radiali, aina inayotumika siku hizi, ni 165/80R15, yenye kipenyo cha mm 645. Hiyo 195/65R15 ina mm 634.5. Tofauti ni asilimia 1.6, ambayo spidomita ya gari la umri huo haina habari nayo.

Anayekataa ni rimu. Beetle ilitoka kiwandani na rimu yenye upana wa inchi 4, baadaye 4.5. Tairi la 195/65 linataka rimu ya kuanzia inchi 5.5. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, mbavu zake zinajikunja, uso unatuna, na kinachogusa lami ni ukanda wa katikati tu. Litaliwa katikati, litayumba kwenye kona, na ule ubavu uliojikunja utazalisha joto kila linapozunguka. Kwa anayeshuka Morogoro mchana wa Oktoba, joto ni adui mkubwa kuliko msumari.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea ni huu: rimu kwanza, mzigo pili, umri wa tairi tatu. Namba iliyoandikwa kwenye tairi lililopo sasa hivi ije mwisho kabisa. Gari la miaka 50 limepita kwenye mikono mingi, na kila mmiliki alivalisha kilichopatikana siku hiyo. Hakuna sababu ya kurithi kosa la mtu wa mwaka 1994.

Kuisoma rimu

Vua gurudumu, toa tairi, kisha piga brashi ya waya karibu na tundu la vali na kwenye sahani ya rimu, mbele na nyuma. Mara nyingi utakuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: 4½J x 15, au 5J x 14, au 5.50F x 16. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, herufi ni umbo la mdomo wa rimu, namba ya mwisho ni kipenyo. Kama kutu imeshakula maandishi, pima mwenyewe. Upana hupimwa kati ya kuta mbili za ndani, pale tairi linapoegemea. Anayepima kutoka nje hadi nje hujipatia karibu inchi nzima ambayo haipo, na hapo ndipo rimu ya 4.5 inapogeuka kuwa "5.5" na lile tairi la Toyota linapopata kibali.

Ukishapata upana, kuna kanuni ya haraka ya kukagulia: upana wa rimu uwe kama asilimia 70 ya upana wa tairi. Inchi 4.5 ni mm 114. Gawa kwa 0.7, unapata 163, yaani tairi la 165. Inchi 5 ni mm 127, inakupa 181, kwa hiyo uko kati ya 175 na 185. Inchi 5.5 inakupa 200. Kanuni hii ni ya kukutoa kwenye makosa makubwa tu. Neno la mwisho ni jedwali la mtengenezaji wa tairi, ambalo hutaja rimu zinazoruhusiwa kwa kila saizi.

Angalia pia kama rimu ina kigongo. Rimu za kisasa zina tuta dogo linalozunguka kandokando ya kiti cha tairi, na kwenye maandishi huonyeshwa kwa H au H2 mwishoni. Kazi yake ni kuuzuia ukingo wa tairi usiporomoke kwenye bonde la katikati upepo unapopungua. Rimu nyingi za zamani hazina kitu hicho. Rimu isiyo na kigongo ivae tyubu, hata kama tairi lenyewe limeandikwa TUBELESS (lisilohitaji tyubu) kwa herufi kubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa rimu za Land Rover za zamani zilizoungwa kwa ribiti, na rimu za spoku, kwa sababu upepo utatafuta njia kupitia matundu hayo. Za spoku zinahitaji pia mkanda wa mpira juu ya vichwa vya spoku, la sivyo tyubu itachubuka.

Kabla ya kupaka rangi, rudisha rimu kwenye gari, inua kwa jeki, funga waya mgumu karibu na mdomo wake kisha izungushe polepole. Ikicheza zaidi ya mm 2, inyooshwe au itafutwe nyingine. Yenye ufa unaoanzia kwenye matundu ya nati haichomelewi. Itupwe.

Namba za kale

Kwenye magari ya kabla ya miaka ya 70 utakutana na saizi kama 5.60-15 au 6.00-16. Hapo upana ni kwa inchi, na hakuna namba ya kimo cha ubavu kwa sababu kimo kilikaribia kulingana na upana. Kistari kinamaanisha krosiplai, zile ambazo nyuzi zake zimepishana mshazari kutoka ukingo hadi ukingo. Radiali, ambazo mafundi wengi huziita tairi za waya kwa ajili ya mikanda ya chuma iliyomo chini ya uso, zilianza na Michelin aliyesajili hataza yake mwaka 1946, na alama yake ni herufi R.

Kisha kuna saizi za kipindi cha mpito: 165 SR15, 175 HR14. Hakuna mkwaju wala asilimia. Ukiona hivyo, chukulia ubavu ni asilimia 80 au juu kidogo ya upana. S ni mwendo wa hadi km 180 kwa saa, H ni km 210. Siku hizi herufi ya mwendo imehamia mwishoni, ikitanguliwa na namba ya mzigo, kwa hiyo kilichoitwa 175 SR14 leo unakiulizia kwa jina la 175/80R14 88T. Hiyo 88 inamaanisha kilo 560 kwa tairi moja, na T ni km 190 kwa saa.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye magari ya Kifaransa. Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968 (1966 na 1967 likiwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania), huandikiwa 165 x 380 kwenye vitabu vyake vya awali. Hiyo 380 ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Gawa kwa 25.4, unapata 14.96, yaani inchi 15, na 165/80R15 inakaa bila ugomvi. Lakini Citroën Traction Avant inavaa 165 x 400, na 400 ni inchi 15.75. La 15 haliingii. La 16 linaingia, na hatari yake iko hapo hapo: linaonekana limekaa, linashika upepo, halafu linachomoka kwenye kona. Saizi za 400 huagizwa kwa wauzaji wa matairi ya magari ya zamani, hazina mbadala wa dukani.

Kinachopatikana na kinachofaa

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji, karibu kila tairi jipya tunalovaa limetoka nje, na mwagizaji huleta saizi za magari yaliyo mengi barabarani. Mengi ni ya Kijapani. Kwa hiyo mwenye gari la zamani anachagua kutoka kwenye meza iliyoandaliwa kwa ajili ya Corolla, Hiace na Canter, na kwa baadhi ya magari meza hiyo inatosha.

Chukua Peugeot 504. Rimu yake ni 5J x 14 na tairi lake ni 175R14, kipenyo mm 635. Hiyo 175/80R14 haipatikani kirahisi, kwa hiyo nyingi huishia kwenye 185/70R14. Kwa rimu haina tatizo. Kipenyo kinashuka hadi mm 614, pungufu ya asilimia 3.3: spidomita ikisoma 100 wewe uko kwenye 97, injini inazunguka zaidi kwenye mwendo ule ule, na tumbo la gari linashuka kwa kama mm 10. Kwa anayezunguka Area D na Kizota hilo ni jambo dogo. Kwa anayeingia njia za ndani za Kondoa au Mpwapwa, mm 10 zinasikika kwenye ekzosi. Saizi ya 195/70R14 inarudisha karibu kimo chote, mm 628, lakini inataka rimu isiyopungua inchi 5, kwa hiyo 504 inagusa mpaka wa chini kabisa, na usukani unakuwa mzito. Mimi ningetafuta 175/80R14 hata kwa kusubiri. Nikikosa, 185/70R14 kwa gari la mjini na 195/70R14 kwa gari la njia mbaya, rimu ikiwa imepimwa kweli. Pikapu ya 504 ina bahati zaidi, maana 185R14C ya vipanya inapatikana na inabeba mzigo wake bila wasiwasi. Ukiiweka kwenye 504 ya kifahari, utahesabu kila kokoto.

Land Rover ndiyo inayodanganya watu kwa urahisi wake. Ile ndefu ya inchi 109 inavaa 7.50-16, na 7.50R16 iko tele kwa ajili ya Canter. Tatizo ni plai, yaani kipimo cha uimara wa tairi kinachoandikwa PR. Tairi la lori lenye 14PR limeundwa kubeba zaidi ya tani moja kila moja likiwa na upepo mwingi kuliko psi 100. Chini ya Land Rover tupu, kwenye psi 30, ubavu wake hauinami. Gari linadunda juu ya kila tuta la Bahi, na springi zinafanya kazi ambayo tairi limekataa. Tafuta 8PR, na 10PR iwe mwisho. Wengine hukimbilia 235/85R16 kwa kuwa kipenyo ni kile kile, mm 806, ila linataka rimu ya inchi 6 na ya Land Rover hiyo ni 5.5. Kama unalipenda sana, badilisha rimu kwanza.

Ile fupi ya inchi 88 ilikusudiwa 6.00-16, na mbadala wake wa kawaida ni 205R16 yenye mm 734. Kuivalisha 7.50 ili isimame kwa mbwembwe ni kuongeza kipenyo kwa kama asilimia 10. Spidomita inasoma 80, gari liko kwenye 88, na zile breki za ngoma zinapaswa kusimamisha gurudumu refu zaidi. Kupanda nako kunakuwa kazi, gia ya nne inageuka kuwa ya mteremko tu.

Datsun 1200 haina maneno mengi. Ni 155R12, ukikosa, 145R12 ya kirikuu inaingia, ikiwa fupi kwa asilimia 3 hivi.

Chochote utakachochagua, mzigo uangaliwe kabla ya kulipa. Soma uzito wa juu wa ekseli ya nyuma kwenye kibati cha gari au kitabu chake, gawa kwa 2, ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya joto na njia mbaya. Namba za mzigo unazozihitaji ni chache: 82 ni kilo 475, 84 ni 500, 88 ni 560, 91 ni 615, 95 ni 690. Herufi ya mwendo isikusumbue, kwa sababu hata Q, ambayo ni km 160 kwa saa, inazidi yale ambayo gari hili litafanya kati ya Dodoma na Singida. Mzigo hauna huruma hiyo.

Jua la Dodoma na tarehe ya tairi

Tairi la gari la zamani hapa haliishi meno, linakauka. Gari linatembea kidogo, linakaa nje sana, na jua la mita 1,100 juu ya usawa wa bahari halichoki. Ndani ya mpira huchanganywa nta na kemikali za kuukinga na ozoni, na nta hiyo hutoka juu tairi linapojipinda barabarani. Tairi lililosimama halijipindi, kwa hiyo ngozi yake inabaki bila kinga na nyufa nyembamba zinaanza ubavuni. Ndiyo maana unaweza kukuta tairi lenye meno ya mm 7 ambalo halifai hata kuvuka Chamwino.

Tafuta neno DOT kwenye ubavu na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na mazungumzo yaishie hapo. Tarehe kamili mara nyingi imeandikwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo ukikosa upande wa nje, ingia chini ya gari na tochi. Tairi jipya ningelikataa likiwa limekaa dukani zaidi ya miaka 2, hasa yale yaliyopangwa nje kwenye jua yakingoja wateja. Likifika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na miaka 10 iwe kikomo hata kama linang'aa. Kwa gari linalolala nje, miaka 7 inatosha.

Mitumba inahitaji jicho la ziada. Baadhi ya matairi yanayotoka Japani ni ya majira ya theluji na yana neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu, na kwenye lami ya moto unaisha haraka na kuyumba kwenye kona. Meno yake yenye mikato mingi midogo huvutia macho, ndiyo maana yanauzika. Pitisha pia kidole kwenye kingo za ndani: ukingo uliochanika wakati wa kuvuliwa hautashika vizuri kwenye rimu. Tazama ndani ya tairi kama kuna unga mweusi au mstari uliochakaa ukizunguka ubavu, ishara kwamba lilitembezwa bila upepo. Na kuna yale yaliyochongwa, ambayo meno yamekatwa upya kwa kisu cha moto. Tairi la gari dogo halichongwi. Uchongaji ni wa matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, yenye mpira wa akiba chini ya mifereji. Kwenye la gari dogo kisu kinakaribia waya.

Ukiagiza nje, Michelin na Pirelli bado wanatengeneza baadhi ya saizi za zamani, na Coker wa Chattanooga, Tennessee, wamejikita kwenye biashara hiyo. Agiza matano, si manne, pamoja na tyubu zake, na uombe picha ya tarehe ya DOT kabla ya kulipa. Saizi inayonunuliwa na watu wachache ndiyo inayokaa ghalani muda mrefu.

Krosiplai au radiali

Kama gari linatumika, weka radiali. Linashika zaidi, linapata joto dogo, linadumu. Krosiplai ina nafasi yake kwenye gari la maonyesho, au pale rimu inapokuwa nyembamba kiasi kwamba hakuna radiali inayoikubali. Unachopoteza kwa radiali ni wepesi wa usukani kwenye mwendo mdogo, na utasikia mashimo madogo kwa mlio mkavu zaidi.

Usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja, isipokuwa kwa dharura ya kufika polepole kwenye kibanda cha pancha. Ukilazimika kuwa na mbili radiali na mbili krosiplai, radiali zikae nyuma. Sababu ni kwamba radiali hushika kona kwa nguvu zaidi. Ukiziweka mbele, mbele kutaitikia usukani huku nyuma kukiteleza, na gari litageuka mgongo kabla hujajua kilichotokea. Land Rover yenye spea ya krosiplai na miguu minne ya radiali ina tatizo hili siku ya pancha ya nyuma: hapo hamishia radiali moja ya mbele nyuma, krosiplai iende mbele, kisha tembea polepole hadi mahali pa kuziba.

Baada ya kuhama kutoka krosiplai, pima upya uelekeo wa magurudumu ya mbele. Vipimo vya zamani vya kufunga miguu kwa ndani viliwekwa kwa tairi linalolegea. Radiali huhitaji kufungwa kidogo zaidi ya sifuri tu, la sivyo itakula kingo za nje. Radiali pia hufichua bolijointi na kingipini zilizochoka. Usukani ukianza kutetemeka baada ya kuvalisha tairi jipya, usikimbilie kulilaumu tairi.

Kwenye kibanda cha pancha

Kuvalisha kwenyewe ni kazi fupi inayoharibiwa kwa mambo madogo. Mdomo wa rimu usuguliwe kutu yote na upakwe rangi nyembamba. Kilainisho kiwe maji ya sabuni mazito. Grisi na oili huula mpira na kuifanya tairi itembee juu ya rimu. Tairi la gari dogo likigoma kukaa kwenye kingo, usivuke psi 40. Toa upepo, paka sabuni tena, anza upya.

Kama unatia tyubu kwenye tairi la tubeless, pitisha mkono ndani uondoe karatasi zote za namba na mistari iliyoinuka, maana vitu hivyo vitaisaga tyubu hadi itoboke. Nyunyiza poda. Tyubu iwe mpya na ya saizi ya tairi, yenye maandishi ya kuruhusu radiali. Ya zamani imeshavutika na itajikunja. Ipe upepo kidogo tu ipate umbo, iingize, kaza tairi, jaza, toa upepo wote, kisha jaza tena. Ule upepo wa kwanza kutolewa ndio unaoiruhusu tyubu kujinyoosha, na ni hatua inayorukwa kila siku.

Vali nayo ina saizi. TR13 ni ya tundu la mm 11.5, TR15 ni ya tundu la mm 16 hivi. Vali nyembamba kwenye tundu kubwa inacheza na kukatika shinani, kwa hiyo tumia bushi au nunua tyubu sahihi. Ukimaliza, chora mstari wa chaki kutoka kwenye vali hadi kwenye tairi. Mstari ukiachana baada ya safari, tairi linateleza juu ya rimu na vali inavutwa. Ongeza upepo au kagua mdomo wa rimu. Mstari huo una faida kubwa kwa Land Rover inayopunguzwa upepo ili ivuke mchanga wa korongo.

Kubalansi kuna kikwazo chake. Mashine nyingi hushikilia rimu kwa koni kwenye tundu la katikati, na baadhi ya rimu za zamani hazina tundu linalofaa. Rimu za Beetle za hadi mwaka 1967, zenye boliti 5 kwenye duara la mm 205, zinahitaji sahani maalumu ambayo si kila gereji inayo. Ukikosa, tumia ekseli ya mbele ya gari lenyewe: inua, legeza breki hadi ngoma izunguke bila kukwaruza, acha gurudumu litulie. Upande mzito utashuka chini. Bandika risasi juu, upande wa pili, ongeza kidogo kidogo hadi gurudumu lisimame popote unapoliachia. Haitafikia mashine, ila kwa gari lisilozidi km 80 kwa saa inatosha. Nati kaza kwa kupishana, kisha rudia baada ya km 50.

Upepo

"Weka thelathini kote" ndiyo sentensi inayoharibu Beetle nyingi. Injini iko nyuma, mbele kuna tangi la petroli na hewa. Kwa radiali, mbele ni psi 18 na nyuma 27. Krosiplai ni 16 na 24. Ukijaza 30 kote, mbele kunaruka na nyuma kunakosa ile tofauti iliyowekwa makusudi ili gari lisipige mkia kwenye kona. Fundi atakubishia. Mwandikie namba kwa ndani ya kifuniko cha tangi. Land Rover fupi tupu ni 25 kote. Ile ndefu ni 25 mbele na hadi 36 nyuma ikiwa na mzigo.

Pima asubuhi kabla ya kutembea. Kwenye lami ya mchana, kupanda kwa psi 4 hadi 6 ni kawaida na usiutoe, kwa sababu usiku tairi litabaki na upungufu. Ukijaza Dar es Salaam na kupanda Dodoma, geji itaonyesha karibu psi 2 zaidi bila mtu kuongeza chochote, maana hewa ya nje huku ni nyepesi. Rekebisha ukifika kama unakaa, liache kama unarudi kesho.

Gari linalolala wiki kadhaa lipewe psi 5 zaidi na lisogezwe nusu mzunguko kila baada ya wiki mbili. Likikaa miezi, weka kwenye stendi. Funika magurudumu kwa kitambaa cheupe upande wa magharibi, ambako jua la mchana hupiga. Usiliegeshe karibu na mashine ya kuchomelea, kwa kuwa cheche zake huzalisha ozoni ile ile inayopasua ubavu. Dawa za kung'arisha zenye mafuta ya petroli ziache dukani. Huondoa nta niliyoitaja na kuacha mng'ao wa siku mbili.

Spea husahaulika kwa sababu haionekani. Soma DOT yake siku ile ile unayosoma ya mengine, maana mara nyingi ndilo tairi kongwe kuliko yote garini. Liwe saizi kamili: spea nyembamba za muda zinazokuja na magari ya kisasa, zenye herufi T mwanzoni mwa saizi, hazifai hapa. Kwa njia ya Mtera au Kondoa, ambako miiba ya migunga hutoboa bila kuchagua, beba pia tyubu moja nzima, viraka na pampu ya mguu. Tairi la tyubu likichomwa mwiba hupoteza upepo haraka kuliko la tubeless, kwa kuwa upepo hutokea kwenye tundu la vali, na kibanda cha pancha kilicho karibu kinaweza kuwa umbali wa saa nzima.